Mikorosho imechoka: upulize salfa, ukate ubebeshe, ulime ufuta au ubangue?

Mwezi wa tano mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mbagala. Akanipa shikamoo, akauliza mvua zimeishaje, akauliza goti la mama yake, kisha akafika kwenye lake: "Mjomba, nimetenga milioni mbili. Shamba la mama linatoa magunia matatu. Mwaka juzi matatu, mwaka jana matatu. Hii hela niiweke wapi?"

Nikamwambia anipe wiki moja. Nilidhani jibu ninalo, maana nalima korosho huku Newala tangu niache shule. Nilipokaa na daftari nikaona kijana ameuliza swali la Mtwara na Lindi nzima, lile ambalo halmashauri, vyama vya msingi vya ushirika na wafadhili huliuliza kwa maneno marefu zaidi: kilimo kikisimama, unakisukumia wapi kwanza?

Zifuatazo ni njia nne nilizomwekea mezani. Watu huzilinganisha kwa faida, na kwenye karatasi karibu zote zina faida. Mimi nimezilinganisha kwa kalenda: pesa inakutoka mwezi gani, na inarudi mwezi gani. Huku kwetu mkulima anajua cha kufanya. Anakwamia Juni.

Juni kuna nini?

Korosho inauzwa kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi. Hapo kila mtu ana hela. Januari inakuja na ada na sare, inafuata misiba na sherehe, kufika Mei mfuko umekauka. Halafu Juni mkorosho unaanza kuchipua na kutoa maua, na ndio wakati wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokaa kwenye machipukizi na maua mpaka yanaungua kabla hayajashika. Kuanzia hapo mpaka Agosti mti unadai kila kitu kwa pamoja: shamba safi, salfa (unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga), mashine ya kuupulizia, petroli, kibarua. Yaani mti unadai mwezi ambao nyumba haina hata ya chumvi.

Ndipo anapotokea mtu wa kangomba. Anakupa hela leo, utamlipa korosho msimu ukifika, nje ya mnada, kwa bei anayoitaja yeye. Mimi nimewahi kuuza hivyo mwaka mmoja mtoto alipolazwa. Magunia mawili niliyookota Oktoba yalikuwa ya mtu tangu Julai. Mwaka uliofuata sikuwa na cha kununulia petroli, shamba likashuka zaidi, na kangomba akarudi akiwa na sura ya rafiki.

Ukiutazama mkoa mzima, hadithi ni ileile kwa tarakimu kubwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa haifiki hata tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, mikorosho ikabaki porini kilomita kadhaa kutoka nyumba zao mpya. Bei ya mkulima ilikuwa ya chini, na ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979, ukakuta miti haina mwenyewe. Zao likaja kuinuka taratibu, salfa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, vikisaidia, mpaka msimu wa 2017/18 zikapatikana zaidi ya tani 310,000.

Kisha likaanguka tena. Hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ilirudi kuhudumia zao lenyewe, pembejeo zikiwemo. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Hazina. Oktoba wakulima wakagomea bei ndogo za mnada, wanunuzi nao wakasita kupandisha, na Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kukusanya, na malipo yakapitia uhakiki uliowachelewesha wengi. Misimu iliyofuata mavuno yalishuka mpaka karibu tani 210,000 mwaka 2020/21. Sababu hazikuwa moja, hali ya hewa nayo ilikuwemo, lakini aliyekuwa shambani anajua: pesa iliyochelewa ni salfa ambayo haikupulizwa. Pembejeo za bure ziliporudi kuanzia 2021/22, zao likapanda, na msimu wa 2024/25 ukavuka tani 500,000.

Kwa hiyo ukisikia nchi imevunja rekodi, usidhani shamba la dada yangu limevunja chochote. Sehemu ya tani hizo imetoka kwenye mashamba mapya. Yeye ana ekari nne, miti 140 ya kizamani, na magunia matatu. Hiyo ni kilo mbili kwa mti.

Njia ya kwanza: kuitunza mikorosho iliyopo

Hii ndiyo isiyo na picha nzuri ya kutuma kwa mfadhili. Unafyeka, unapogoa, unapunguza, unapuliza. Basi.

Kufyeka kwanza. Korosho inaokotwa chini, na shamba lenye majani linakula korosho zako bila kelele. Pia moto: kuanzia Agosti mtu akiwasha kichaka kuwinda panya, shamba chafu linaondoka lote. Njia ya moto ya hatua tano kuzunguka shamba inakupa usingizi.

Kupogoa na kupunguza ndiko wazee wanakogoma. Mashamba mengi ya zamani yalipandwa kwa kutia mbegu mbili tatu kwenye shimo, na hakuna aliyerudi kung'oa zilizozidi. Leo matawi yamekumbatiana, juu ni paa, chini ni giza, na mkorosho hauzai gizani. Maua yako pembeni ya mti, pale jua linapofika. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, sawa na miti 28 hivi kwa ekari. Dada yangu ana 35. Kumwambia mwanamke wa miaka sitini akate miti saba kila ekari ili avune zaidi ni kazi ya kikao kizima, na uji unywewe.

Halafu salfa. Kipimo cha siku nyingi ni gramu 250 kwa mti kila mzunguko, mizunguko mitano, wiki mbili mbili kati yake. Kwa miti 140 unapata kilo 175, yaani mifuko saba ya kilo 25. Watu huwa hawaamini mpaka wakipiga hesabu wenyewe. Wanapewa mifuko mitatu, wanaigawa kwa miti yote, kisha wanasema salfa ya siku hizi haina nguvu.

Kazi yenyewe inaanza saa kumi na moja alfajiri. Kunatakiwa kuwe na umande ili unga ushike, na upepo uwe bado umelala. Kijana anabeba mashine mgongoni, amejifunga kanga puani, anatembea upande wa juu wa upepo, na wingu la njano linapanda ndani ya mti kama moshi wa jiko. Ikifika saa mbili upepo unaamka, mnaacha. Macho yatawasha mpaka jioni. Ambaye hajanunua miwani mwaka wa kwanza atanunua mwaka wa pili.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unachokitia Juni unakiona Oktoba ya mwaka uleule. Tuseme miti ile 140 inapanda kutoka kilo mbili hadi tano tu, na tuseme kilo inauzwa 3,000 kabla ya makato. Kutoka kilo 280 unafika 700, kutoka laki nane na arobaini unafika milioni mbili na laki moja. Na kilo tano si za muujiza, ni za mti uliooshwa uso tu.

Ubaya upo. Salfa ya bure inategemea uamuzi wa mtu mwingine, na imeshakatika mara moja. Hata ikiwepo huja kwa ratiba yake. Kuna mwaka chama kimoja jirani kiligawa mwezi wa nane, maua yakiwa yameshaungua, tukaweka mifuko stoo tukaiangalia. Kuna udongo pia: salfa ya miaka mingi inauongezea udongo asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuvumilia, kwa hiyo mazao ya chini ya mikorosho huanza kusinyaa. Ziko dawa za maji ambazo hupunguza mzigo huo, ila zinahitaji maji, na mtu wa uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, ukimtajia maji ya kupulizia miti anakuangalia mara mbili. Na jirani asiyepuliza anakurudishia ugonjwa. Njia hii inafanya kazi vizuri kama kitongoji kizima kinapuliza wiki moja.

Njia ya pili: kukata na kubebesha, au kupanda upya

Mti mwingine hata uubusu hauzai. Umezeeka, au ulitoka kwenye mbegu mbovu tangu mwanzo. Hapo unachagua kati ya mawili. Unaweza kukata shina ukaacha kisiki, machipukizi yakatoka, ukachagua machache yenye nguvu, na yakifika unene wa penseli ukayabebesha, yaani ukayaunganishia vikonyo vya miti bora. Au unang'oa na kupanda mche uliobebeshwa.

Kisiki kina mizizi mirefu tayari, kwa hiyo hukimbia: baada ya miaka miwili hivi unaokota. Mche mpya uliobebeshwa unaanza kuonyesha mwaka wa pili au wa tatu, lakini mavuno ya kuitwa mavuno yanasubiri zaidi. Mbegu ya kawaida inachelewa kuliko yote na huwezi kujua itazaa nini, ni kama kuoa kwa barua. Magogo unayokata yanatoa kuni na mkaa, na hiyo husaidia kulipa fundi wa kubebesha.

Kisiki kina adui wake, bungua, mdudu anayetoboa shina. Anaingia kwenye shina lililokatwa, unaona unga wa mbao chini, na mti uliokuwa umechipua vizuri unakauka upande mmoja. Lazima upite kila wiki na waya, umtoe. Miche nayo inauawa na mambo madogo: majani, mbuzi, moto, mtu aliyeipanda mvua zikiwa zinaisha. Nimeona miche ya bure ikikaukia kwenye viriba nyuma ya ofisi ya kijiji, na nimeona iliyopandwa ikaachwa kwenye majani marefu kuliko yenyewe.

Kwa kalenda yangu, njia hii inataka uwe na kitu kingine cha kula kwa miaka miwili mitatu. Ndiyo maana anayekata shamba lote kwa mkupuo nampinga hata akiwa na cheti cha kilimo. Theluthi moja, ukianza na miti mibovu kabisa. Na utaijuaje? Msimu wa kuokota, funga kitambaa kila mti unaokupa kiganja badala ya ndoo. Macho ya mwezi wa tano yanadanganya. Mkorosho wenye majani mazuri kuliko yote mara nyingi ndio mvivu.

Njia ya tatu: ufuta, na habari ya mbaazi

Ufuta unapandwa huku kwetu Januari na Februari, unakomaa siku 90 mpaka 120, unauzwa kwenye minada kuanzia Juni. Soma tena hiyo miezi. Ni zao pekee kati ya haya ambalo hela yake inatua pale mkorosho unapodai. Mwenye magunia mawili ya ufuta Juni hamhitaji mtu wa kangomba, na ana petroli ya mashine. Mimi naona kuinuka kwa korosho kwa wakulima wadogo wengi kunaanzia kwenye ufuta, ijapokuwa hutaliona hilo kwenye takwimu za korosho.

Kulima kwake si kugumu ila kuna dharau zinazouua. Hautaki maji yaliyotuama. Unataka kupunguziwa mapema, miche ikiwa ya vidole vichache, na palizi ya kwanza ikichelewa umeshapoteza nusu. Mbegu zilizotoka kwenye utafiti wetu wenyewe zipo, Lindi 2002, Ziada 94, Naliendele 92, lakini wengi bado wanachota kwenye debe la mwaka jana.

Kinachoumiza zaidi ni kuvuna. Vitumba vya ufuta vikikauka vinapasuka vyenyewe, na mbegu zinamwagika chini. Unakata vitumba vya chini vikianza kuwa njano, unafunga matita, unayasimamisha yaegemeane kama watu wanaonong'ona, chini umetandika turubai. Siku ya kukung'uta unageuza tita kichwa chini juu ya turubai na kulipiga kidogo, zinamiminika kama mvua kwenye bati. Asiyekuwa na turubai anavuna na mchanga, na mchanga mnadani ni makato. Turubai moja ni uwekezaji kuliko semina mbili.

Kasoro yake kubwa haimuumi anayelima leo. Ufuta unapenda ardhi mpya, na watu wanaufuata msituni. Kilwa, Liwale, Nachingwea, miombo imefyekwa kwa ajili ya ufuta, misimu miwili mitatu, kisha watu wanasogea. Kwa huyu mwenye ekari nne zilizofunikwa na mikorosho msitu si jibu. Jibu ni ile theluthi aliyokata visiki: jua limeingia, kivuli kitachukua miaka miwili mitatu kurudi, na hapo katikati ufuta unapata nafasi. Njia ya pili na ya tatu zinabebana.

Mbaazi nayo inaonekana tamu, maana inarutubisha udongo, haisumbui, na unaila mwenyewe soko likigoma. Lakini mwaka 2017 India, mnunuzi wetu karibu wa pekee, ilibana uingizaji wa mbaazi mwezi wa nane, wakati zetu zinavunwa. Bei ya kilo iliyokuwa imezidi shilingi elfu mbili misimu ya nyuma ikaporomoka mpaka mia mbili na chini yake. Watu waliziacha shambani. India ilifungua tena mwaka 2021, bei ikainuka. Panda, ila panda ya mboga na udongo kwanza, ya kuuza baadaye. Na ukumbuke, mbaazi inaingia sokoni kuanzia Agosti hivi, salfa imeshapita.

Njia ya nne: kubangua

Wageni wote wanaanzia hapa. Korosho nyingi za Tanzania zinaondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, huko zinabanguliwa, thamani inabaki huko. Ni kweli, na inauma. Lakini kuumwa si sababu ya kutia milioni mbili.

Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikopa ikajenga viwanda 12 vya kubangua. Vilipokamilika mavuno yalikuwa yameshaporomoka. Vingi vilisimama, vingine vikageuka maghala ya kuhifadhia hizohizo korosho ghafi. Kiwanda kilijengwa, mti ukasahaulika.

Kwa kikundi kidogo hesabu iko hivi. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi zinatoa kilo moja ya korosho zilizobanguliwa. Kubangua mwaka mzima kunataka ununue ghafi zako zote Oktoba mpaka Desemba, kwa bei ya mnada, ukishindana na wenye meli, kisha uzitoe kidogo kidogo. Mtaji unalala ndani ya gunia. Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Wanawake wanaobangua kwa mashine ya mkono hujipaka mafuta ya kula au majivu viganjani, na bado utawajua kwa vidole. Kisha kuna nzima na vipande: ikipasuka bei inashuka, na anayepasua si mzembe, korosho ilikaushwa vibaya au ilipikwa vibaya. Nani atanunua? Ukijua duka la Dar au hoteli itakayochukua kilo hamsini kila mwezi, njia hii ina maana. Ukiwa na matumaini ya maonyesho ya Nane Nane, kaa kwanza.

Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, ni habari nyingine. Yanaoza chini kwa tani, na wanaoyatumia vizuri mpaka leo ni watengeneza uraka, pombe yake, na wazee wanaoyakausha. Sijaona mtu wa kijijini akitajirika kwa juisi yake.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| Njia | Pesa inatoka | Pesa inarudi | Kinachoua |
|---|---|---|---|
| Kutunza mikorosho iliyopo | Mei–Agosti | Oktoba–Januari, mwaka uleule | Salfa kuchelewa, jirani asiyepuliza |
| Kukata na kubebesha | Mara moja, na uangalizi wa kila wiki | Baada ya miaka miwili mitatu | Bungua, moto, njaa ya kungojea |
| Ufuta | Desemba–Machi | Juni–Julai | Palizi kuchelewa, kupukutika, mchanga |
| Mbaazi | Desemba–Februari | Agosti–Oktoba | Uamuzi wa India |
| Kubangua | Oktoba–Desemba, kwa mkupuo | Kidogo kidogo mwaka mzima | Mtaji kulala, kukosa mnunuzi |

Kuna njia ya tano niliyoiacha nje makusudi, ile ya shamba moja kubwa la matrekta. Nachingwea tumeshaonyeshwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kusini, wakajenga bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea, na kufikia 1951 wameukunja. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, nayo inatufaa, hilo nashukuru.

Ni ipi ya nani?

Mama aliye peke yake na ekari tatu nne, kama dada yangu: kutunza iliyopo, bila mjadala, na ekari moja ya ufuta kama ana mikono ya kupalilia Februari. Asianze na kukata. Ajiandikishe kwa idadi ya kweli ya miti, maana mgawo wa pembejeo unafuata daftari. Wanaoongeza miti hewa wanawapunguzia wenzao mifuko.

Kijana asiye na mikorosho: ufuta, kisha mashine ya kupuliza. Mashine moja ya mgongoni inaweza kupulizia watu kumi kwa malipo, Juni hadi Agosti. Hao ndio waganga wetu wa miti, na hawapo wa kutosha.

Anayeishi Dar na shamba liko kijijini: kukata na kubebesha ndiyo njia yako, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kungoja. Mshahara wako unafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na ufuta. Ila tafuta mtu wa kutoa bungua, umlipe kila mwezi, usimlipe kwa mafungu ya "nikija sikukuu".

Kwa chama cha msingi chenye akiba, au halmashauri inayotaka kuonyesha kitu, ningewaomba kitu kimoja kisicho na jiwe la msingi: mfuko wa mkopo unaofunguliwa Mei na kufungwa Desemba, wa petroli na vibarua tu, unaokatwa mnadani. Mkulima ana dhamana tayari, iko juu ya mti. Stakabadhi ghalani, yaani kuweka korosho ghalani kwa risiti mpaka ziuzwe mnadani, iliyoanza kwenye korosho huku Mtwara msimu wa 2007/08, inampa nguvu akishavuna. Hakuna kinachomshika kabla. Na makato yabandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Liwale, Aprili 2013, malipo ya pili ya korosho yalikuja pungufu na nyumba zikachomwa moto. Hakuna zao linalokua mahali ambapo mtu hajui kwa nini kilo yake imepungua mia tatu.

Kikundi cha akina mama kinachotaka kubangua: anzeni na gunia moja, mjue mnapasua ngapi kati ya mia. Mkifika hapo tuongee.

Milioni mbili zilikwenda wapi

Mpwa alitaka kubangua. Alikuwa ameona mashine mtandaoni, picha ya wasichana wamevaa kofia nyeupe. Nilimwambia asome jedwali, kisha anijibu swali moja: mashine ikifika Julai, utaitia nini? Akacheka.

Tukagawana hivi. Laki nne kufyeka, kupogoa na njia ya moto, kazi iliyofanyika wiki ileile. Laki tano kukodi mashine, petroli na vijana wawili kwa mizunguko mitano, salfa ikitoka kwenye mgawo na iliyopungua tukanunua. Laki mbili zilikwenda kwenye turubai mbili na miwani. Laki sita ziliwekwa kwa jina la mama, zisiguswe mpaka Desemba, za kulima ufuta. Tatu zilizobaki ni za kukata na kubebesha visiki, baada ya kuokota.

Mpaka naandika, mzunguko wa nne umepita. Maua yamesimama upande wa mashariki. Upande wa magharibi, unaopakana na jirani ambaye yuko Masasi mwaka wa pili sasa, unga mweupe bado upo. Oktoba haijafika, lakini dada hakungoja. Amechana kanga ya zamani, anazunguka anafunga miti anayoijua uvivu wake kwa miaka, ishirini na saba mpaka jana. Mmoja aliufunga, kesho yake akaufungua. Nilipomuuliza akasema ule uko upande wa jirani, haujapulizwa sawasawa, usihukumiwe.